Kangaga ya Mtoni Kwangu Haifyekwi

Leo nimeulizwa swali nikakosa jibu, mimi Kiptoo wa Yamumbi, ambaye hata chifu hanishindi mdomo!

Nimebandika hii hapa dukani kwa Abdi makusudi. Someni.

Asubuhi mwalimu wa kike kutoka chuo cha Chepkoilel alikuja mtoni kwangu kuangalia kangaga, yale majani ya kujikunja. Imejaa ukingo wangu wote. (Nyinyi mnayo?)

Akaikagua na kioo cha kukuza. "Mzee, hii haizai. Wazazi wake walikuwa aina mbili tofauti, kwa hivyo chembe zake za urithi hazipati wenzi wa kulingana. Nyingine hujiongeza chembe mara mbili, ndiyo zinaanza kuzaa. Hii bado."

Mimi na mdomo wangu: "Basi kesho naifyeka! Kitu haizai haikai kwa shamba yangu!"

Kumbe Tabitha, bibi yangu, alikuwa nyuma yangu na chai.

Mnajua hatukupata mtoto.

Akauliza polepole, "Na mimi natoka lini?"

Wacha tu.

Mwalimu akaangalia chini. "Mzee, hii hutambaa na mizizi, inashika udongo. Bila hiyo, mto ungekuwa umekula shamba yako."

Nikapokea chai. Nikasema, "Tabitha, hutoki. Na hiyo haifyekwi."

Sasa wewe ndugu yangu, unayeniletea habari ya bibi wa pili kila Jumapili, umesoma?

Jibu hapa chini. Kalamu ya Abdi imefungwa hapo na kamba.