Komamanga Nililoliruka

Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili mwaka huu tulimzika mama yangu huko Lambwe, mapema, kabla Sabato haijaingia. Michoro yake ya ukutani ilikuwa imekwisha zamani. Nyumba yetu ya udongo tuliibomoa tulipojenga ya mabati, na hakuna aliyeipiga picha. Kilichobaki kwangu ni harufu ya udongo uliokandwa kwa samadi mbichi ya ng'ombe, harufu ya likizo ya Desemba nilipokuwa darasa la sita. Kila mwaka baada ya mavuno mama alizikandika kuta upya, kisha akazichora kwa vidole: udongo mwekundu, udongo mweupe wa ukingoni mwa mto, na masizi ya sufuria. Mwaka ule hakutaka kugusa ukuta. Mdogo wangu Adhiambo alikuwa amefariki kwa malaria mwezi wa Juni, akiwa na miaka mitano, na tangu hapo mama alikula kwa kulazimishwa.

Mwalimu wangu alikuwa ameniazima kitabu cha hadithi za kale za Wayunani. Nilimsomea mama alasiri, nikigeuza kwa Kijaluo nilivyoweza, ili tu nyumba isiwe kimya. Mara ya kwanza aliniuliza, "Hao Wayunani ni wa wapi, ni wa huko Migori?"

"Ni wale wa kwenye Biblia, mama. Paulo alikwenda kwao."

Basi akasikiliza. Siku niliyosoma habari za watu wenye kifua cha mtu na miguu ya farasi, aliinuka akakanda udongo. Farasi hakuwahi kumwona, kwa hiyo mtu wake alipata miguu ya korongo, yule swala mkubwa tuliyezoea kumwona ng'ambo ya ua wa mbuga. Jirani yetu Mama Otieno alisimama akautazama ukuta kwa muda. "Nyar Kisegi," akasema, maana mama alizaliwa Kisegi, "huyu mwanamume wako suruali atavalia wapi?" Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Juni.

Pengine ndiyo sababu nilidanganya. Kesho yake hadithi ilikuwa ya mama ambaye binti yake alichukuliwa na mfalme wa wafu; ardhi ilipasuka, ikammeza, ikajifunga. Yule mama alizunguka kote akimtafuta, na mashamba yote yakakauka. Mama yangu aliacha kukanda.

"Alirudi?"

Niliyaona maneno kwenye ukurasa. Alirudi, lakini kwa kuwa alikuwa amekula mbegu za komamanga kule chini, ilimbidi ashuke tena kila mwaka kwa miezi kadhaa.

"Alirudi," nikasema.

"Akakaa?"

"Akakaa." Nikafunga kitabu.

Alichora ukuta wa mbele kwa siku mbili: mama na binti wameshikana mikono, mahindi yamefika dirishani, korongo wawili wanakunywa maji miguuni pao. Jioni ya pili alimaliza ugali wake wote.

Shule zilipofunguliwa mwalimu alikuja kuutazama ule ukuta. Aliusifu sana, kisha akauliza, "Na komamanga, mama? Lile tunda la mbegu nyekundu?" Akamsimulia mwisho wote palepale, kwa nia njema, nami nimeshika birika la chai. Mama hakunitazama. Alilichukua birika mkononi mwangu, akammiminia mgeni. Mwalimu alipoondoka nilingoja kofi.

"Kwa mamake anakaa miezi mingapi?" mama aliuliza.

"Minane."

"Hata minane ningekubali," akasema, akaenda kuosha vikombe.

Sasa kuta zangu ni za saruji, zina rangi ya dukani, na mimi sichori. Nimeuwaza uongo ule miaka mingi na bado sijui kama ulimsaidia mama au ulimwongezea msiba. Najua tu kwamba nimechoka kuubeba. Jioni ile ya mazishi, binti yangu wa miaka saba aliniuliza bibi yake atarudi lini.

"Harudi," nikamwambia.

Akauliza kama sasa anaweza kuvua viatu. Nikainama, nikamfungulia kamba.