Vidole vya Kushikia Waya

Mke wangu alikuwa akiogopa maji. Miaka thelathini na nane alishinda na mimi gatini, na hakuwahi kupanda boti iliyo mwendoni. Mpaka ahakikishe imefungwa kamba mbili, ndipo anaingia, anageuza ndoo, anakalia. Hatukujaaliwa mtoto. Tulikuwa sisi wawili na ile ndoo.

Kazi yangu ni mashine za boti. Yake ilikuwa kushika waya.

Mashine ya silinda sita ina waya sita za plagi. Zikichakaa, moto unapotelea njiani, mashine inakohoa. Nilikuwa nazichomoa zote, nikizunguka kifuniko cha distributa, kile kinachogawia plagi moto, nampa mojamoja bila kugeuka. Anazibana katikati ya vidole, tatu mkono huu, tatu ule, huku anataja kila moja ilikotoka. "Ya mbele kabisa. Ya tano. Ya tatu." Kila mashine na mpangilio wake, nami sikuwahi kuuweka kichwani. Kichwa kilikuwa chake.

Pua ikimwasha ndiyo balaa.

"Mume wangu, pua."

"Subiri."

"Nisubiri mpaka lini? Nikiziachia hizi utalia wewe."

Namkuna kwa kiwiko, maana vidole vina grisi. Anacheka mpaka ndoo inatikisika.

Homa ilimchukua kwa siku nne, tukamzika.

Wiki ya tatu Tajiri, mwenye boti ya abiria, akaja mlangoni. "Pole, mzee. Boti inakohoa, waya mpya ninazo. Safari ni saa sita mchana. Kama huwezi, nimpe Miwani."

Miwani ni fundi wa gati la pili. Sikumlaumu Tajiri. Nilisema naweza. Pale gatini ndipo mahali pekee nilipokuwa nimebakiwa naye.

Nikachomoa waya ya kwanza. Mkono ukaenda nyuma wenyewe, ukaachia. Nikasikia ikianguka. Nikachomoa ya pili, ya tatu, zote. Sijui kwa nini sikugeuka. Nilipogeuka, zilikuwa zimelala pamoja kwenye maji ya mafuta, mahali alipokuwa akiweka ndoo.

Nikafunga mpya kwa kubahatisha. Nahodha akawasha. Kishindo, moshi ukarudi kwenye kabureta. Nikabadili. Kishindo tena.

"Mzee, hii inakohoa kuliko wewe!" nahodha akasema, na abiria wakacheka. Kisha akaniangalia usoni, akawaashiria waache.

Saa tano na nusu Tajiri akamwita Miwani. Miwani hakunidharau. Alifuta grisi ubavuni mwa mashine, zikatokea namba zilizochongwa, mpangilio wa waya. Miaka yote nimezipita nikidhani ni za kiwandani tu, shule sikupita. Akazifuata. Boti ikawaka, ikatulia.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini, "siku nyingine toa moja, rudisha moja. Ya zamani ikitoka, mpya inaingia palepale. Hapo hakuna cha kukumbuka."

Nikamwambia asante.

Nilikuwa najua. Fundi aliyenifundisha aliniambia hivyo siku ya kwanza, na kofi juu. Lakini anayetoa moja na kurudisha moja hahitaji wa kumshikia. Mke wangu angebaki nyumbani anatazamana na kuta, mimi huku peke yangu. Ndiyo maana nilichomoa zote. Hakuniuliza, nami sikumwambia.

Tajiri alisema nikapumzike. Maana yake naielewa. Nikaokota zile waya za zamani, nikachukua ndoo yake pale gatini, nikarudi nyumbani.

Jana nilikaa juu ya ndoo, nikazibana mwenyewe. Tatu huku, tatu kule. Pua ikaniwasha. Sikuziachia. Nilikaa hivyo mpaka vidole vikafa ganzi.