Fahali Yuleyule kwa Kila Ng'ombe

Bosi wetu alijivunia sana ile faili ya kompyuta. Chama chetu cha maziwa hapa Runyenjes kiliweka humo kila ng'ombe, na fahali aliyemzaa. Ukiandika namba ya ng'ombe, fomula inakutafutia baba yake. Sawa, ila bosi aliipachika fomula hiyohiyo kwenye kila mstari, na kila moja inapekua faili nzima kutoka juu hadi chini. Ukigusa herufi moja tu, zote zinaanza kutafuta upya. Kompyuta inaganda, nawe unabaki kutazama asilimia zikijikokota pale pembeni. Mimi ilinichosha roho.

Siku hiyo alikuja mzee mmoja. Mtamba wake, ng'ombe wake wa pekee, alikuwa kwenye joto tangu alfajiri. Mtaalamu wa kupandisha alikuwa tayari bomani kwake na mbegu za mafahali wawili, na mzee alitaka kujua yupi ni baba wa mtamba, ili atumie yule mwingine. Akipandishwa kwa mbegu ya babake, ndama huenda akazaliwa dhaifu. Na joto halingoji mtu.

Nikaandika namba. Ikaganda. Mzee akavua kofia, akaivaa tena. Nikampigia bosi, aliyekuwa kwake mtaa wa Majimbo anakunywa chai.

"Zima hiyo ya kupiga hesabu yenyewe," akasema. "Utaona itakavyokimbia."

Nikaikatiza, nikazima, nikaandika namba upya. Kweli, jina la mmoja wa wale mafahali wawili lilikuwa pale hata kabla sijatoa kidole. Mzee akamshukuru Mungu, akapanda bodaboda kwenda kumwambia mtaalamu.

Akaja mama mmoja, fahali yuleyule. Akaja mwingine, yuleyule. Jamani. Hakuna kilichotafutwa, jina lile lilikuwa limebaki hapo tangu ng'ombe wa jana. Nikarudisha namba ya mtamba, nikabonyeza kitufe cha kupiga hesabu, nikangoja huku nikimlaani bosi kimoyomoyo. Baba wa mtamba akatokea: yule mwingine.

Nikampigia mtaalamu.

"Nimemaliza, nanawa mikono," akasema. "Mzee huyu hapa, anataka kukushukuru."

"Asante, mwanangu," mzee akasema. "Leo hamkunichelewesha."

Nikamweleza yote. Akauliza, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kama hiyo mashine yetu haina mtu anayeijua.

"Yuko, mzee," nikamwambia. "Yuko Majimbo, anakunywa chai."