Kumeza Tena

Wapendwa, wengi wenu mnanijua kama yule mama wa mtaa wa Husby anayecheka kwa sauti jikoni tukipakua chakula baada ya ibada. Naitwa Wakesho, mama yake Tabitha. Nimeomba dakika chache leo kwa sababu kuna jambo nililowaficha kwa miezi mingi, ingawa tulikuwa tunakaa meza moja.

Kwetu ni Taita. Nilikuja Stockholm kumfuata mume wangu alipokuwa masomoni, tukabaki. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee kule Akalla. Nawaogesha, nawavalisha, nawalisha. Nilikuwa mtu mwenye afya na mwili, na nilipenda kula. Nikila naongea, nikiongea nacheka. Mama yangu alinikanya tangu utotoni, wala sikusikia.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Tabitha ametimiza miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumeoka nyama na kualika familia mbili. Nilitia kipande mdomoni, mtu akasema jambo la kuchekesha, nikavuta pumzi nicheke. Nyama ikashuka vibaya, ikakwama.

Kupaliwa kila mtu anakujua. Unakohoa, macho yanatoka machozi, basi. Hii haikuwa hivyo. Sikuweza kukohoa. Hewa haikuingia wala haikutoka. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu, na wageni bado wanacheka kwa kuwa walidhani nami nacheka. Kazini tunafundishwa kumwokoa mtu aliyekabwa na chakula. Nilijua kila hatua, lakini mwilini mwangu mwenyewe sikuweza kufanya hata moja. Masikio yalianza kuvuma. Nilihisi maji ya moto yakishuka miguuni, nikajua nimejikojolea.

Mume wangu ndiye aliyeona midomo yangu ikibadilika rangi. "Mama Tabitha? Mama Tabitha!" Alinipiga mgongoni, haikusaidia. Akanizunguka kwa nyuma, akanibana chini ya mbavu, mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu kile kipande kikaruka mezani. Hakikuzidi ncha ya kidole gumba. Nilivuta pumzi kwa sauti kama ya mnyama. Tabitha alikuwa amesimama ukutani, amejifunika uso kwa mikono.

Hospitalini daktari alipitisha kamera nyembamba puani mpaka kooni, akanionyesha kwenye skrini. "Koo lako ni zima," alisema. "Pole kwa mshtuko. Kula vitu laini siku mbili tatu, kisha uendelee kama kawaida."

Hizo siku mbili tatu zikawa miezi tisa.

Nilianza kwa kuacha nyama. Kisha ugali. Kisha wali, kwa sababu punje zilinikwaruza, au nilidhani zinanikwaruza. Nikiweka chakula mdomoni nilitafuna mpaka kikawa maji, na bado ulipofika wakati wa kumeza koo lilifunga kama mlango. Moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, naona kiti kikianguka tena. Basi nakitema kwenye karatasi, naitia mfukoni. Mume wangu akiuliza, nasema nimekula kazini. Kazini wakiuliza, nasema nimekula nyumbani. Nilikuwa naishi kwa uji mwepesi, maziwa na supu iliyochujwa.

Nilitoka kilo sabini na moja nikafika hamsini na moja. Nywele zilibaki kwenye kitana. Hedhi ilikatika. Nilisikia baridi hata ndani ya nyumba, na nilipoinama kumvalisha mzee soksi, sakafu ilizunguka. Baadhi yenu mlinisifu kwamba nimependeza. Nilishukuru, nikaenda chooni kulia.

Kilichonila zaidi ni aibu. Watu wanaomba juu ya saratani, juu ya watoto waliopotea vitani. Mimi nikamwambie Mungu naogopa mkate? Nimeokoka tangu msichana, nafundisha watoto hapa kanisani wasiogope, halafu kiazi kinanishinda. Nikajiona mwongo mbele zake. Nikaacha kuomba kwa ajili yangu, nikawa naombea wengine tu.

Halafu ikafika Jumapili ya meza ya Bwana. Nilipokea mkate, nikainamisha kichwa, nikaufunga ndani ya leso na kuutia mkobani. Niliyafanya hayo mara tatu, miezi mitatu mfululizo. Sikuweza kuumeza, sikuweza kuutupa.

Siku moja Tabitha alitafuta ufunguo mkobani mwangu, akakuta leso yenye makombo makavu. Huwa ananijibu Kiswidi, lakini siku hiyo aliuliza kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta maneno. "Mama, hata wa kanisani huli?"

Jioni hiyo, mezani, nilimtazama mwanangu vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alikuwa anakata soseji yake vipande vidogo kama vya kumlisha mtoto mchanga. Alitafuna kila kipande muda mrefu, akanywa maji, akagusa koo. Nikamuuliza, "Unafanya nini?"

"Ninafanya kama wewe," alisema. "Ili nisife."

Ndugu zangu, hapo ndipo niliposhikwa na hofu nyingine, kubwa kuliko ile. Niliweka kijiko chini nikamwambia mume wangu kila kitu mbele ya mtoto: karatasi za mfukoni, uwongo, leso. Alisogeza kiti chake karibu na changu. "Kumbe umekuwa na njaa muda wote huu," alisema, "na mimi niko hapa hapa." Alilia. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi ya baba yake.

Kesho yake alinipeleka kwenye kituo cha afya. Daktari alipima damu, akapima uzito mara mbili kwa kutoamini, akanituma kwa mtaalamu wa kumeza. Nilikuwa nawajua wataalamu hao kutoka kazini, huja kuwaangalia wazee waliopata kiharusi. Sikujua kwamba siku moja nitakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Alikuwa dada mdogo kwangu, mpole. Alishika koo langu kwa vidole viwili, akaniambia nimeze mate.

"Umesikia?" aliuliza. "Koo lako linajua kazi yake. Usilikataze. Tutaanza na kijiko kimoja cha mtindi, na utakula ukiwa na mtu."

Kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana. Wiki ya pili, ndizi iliyopondwa. Msidhani hofu iliondoka. Ilikuja kila siku, ikakaa nami mezani. Mwezi wa kwanza nikifaulu siku nne, nashindwa tano.

Rafiki yangu Mama Furaha, wa Bukavu, ndiye niliyemwambia wa kwanza kati yenu. Nilitegemea ataniwekea mikono na kuikemea hofu. Aliweka sufuria ya viazi mezani kwake, akasema, "Chérie, mupenzi, kuja hapa, kaa." Akaponda kiazi kwa uma. Nikamwambia naona haya kumsumbua Mungu kwa kitu kidogo namna hii.

Akashangaa. "Yule msichana mwenye alikufa, Yesu akamuamsha, watu wote wakashangaa, Yesu alisema nini? Alisema wamupe chakula. Aliona njaa yake. Wewe unaona haya ya nini?"

Nimesoma habari hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kuona kile chakula. Nilichukua uma. Kisha nikaomba, maneno machache tu: Bwana, nipe chakula. Koo lilifunga. Nikangoja. Likafunguka. Kiazi kikashuka, nikakihisi mpaka tumboni, cha moto. Mama Furaha hakupiga vigelegele. Aliponda kingine.

Na kazini kulikuwa na bibi mmoja, nitamwita Birgit. Baada ya kiharusi alikula vyakula vya kusagwa tu, nami nilimlisha mchana. Siku moja alishika mkono wangu na kijiko kikiwa hewani. "Wewe unanilisha mimi," alisema. "Nani anakulisha wewe?" Nikamweleza. Akacheka upande mmoja wa uso, ule mwingine haukusogea. "Mimi naogopa kila kijiko," alisema. "Kila kijiko, mtoto wangu. Halafu nameza." Hakuwa mtu wa kanisa, na aliniambia hivyo waziwazi. Lakini tangu siku hiyo nilichukua sahani yangu nikakaa naye. Yeye anameza, mimi nameza, tunatazamana. Tangu siku ya kile kiazi nilikuwa nikimwomba Mungu aiondoe hofu kwanza ndipo nile. Kwa bibi huyo nilijifunza kuomba nguvu ya kula hofu ikiwepo, na hiyo nilipewa, kijiko kwa kijiko.

Mwezi wa tisa tangu nikwamwe na ile nyama, hapa hapa kanisani, mkate ulipofika kwangu Tabitha alinigeukia. Niliuweka ulimini. Nikangoja. Nikameza. Mwanangu aliweka kichwa begani mwangu, akaniuliza kwa Kiswidi kama umeshuka. Nikamwambia, umeshuka.

Leo nina kilo sitini na tano. Nywele zinaota. Tabitha anakula haraka kupita kiasi, nami sasa ndiye ninayemkanya. Nyama bado naikata ndogo, na sili nikicheka. Siku nyingine koo hufunga, nami hungoja. Namshukuru Mungu aliyenisubiri. Namshukuru mume wangu, yule dada mtaalamu wa kumeza, Mama Furaha, na Birgit, ambaye Bwana amjalie siku njema.

Kama kuna jambo dogo linalokutisha, lifti, simu, barua ya ofisi, kulala peke yako, usilipime kwanza kama linatosha kupelekwa kwa Mungu. Lipeleke. Na siku hiyo hiyo mwambie mtu mmoja. Ukiambiwa uende kwa daktari, nenda, hujapungukiwa imani. Na ninyi mnaoona mwenzenu amekonda, msimsifu. Muulizeni.

Baada ya ibada kuna chakula chini, wali na maharage. Mimi nitakaa meza ya pembeni karibu na dirisha. Mwenye hofu yoyote aje akae nami. Sitamuuliza kitu. Tutakula polepole.