Waya wa Wimbo Haupati Moto

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipande cha msasa, nikaambiwa nikwaruze rangi. Nilikuwa nimetoka kwa miguu mtaani Gatwekera nilikopanga chumba, nikakata Ayany, nikavuka Barabara ya Ngong mpaka Kawangware, na cheti changu cha ufundi wa umeme nimekitia ndani ya bahasha ya kaki ili kisikunjike. Hakuna aliyeuliza cheti. Foreman wa karakana, yaani mkuu wa mafundi, mzee mrefu wa kutoka magharibi, koti lake la bluu limefuliwa mpaka likafifia mabegani, alinionyesha mahali fulani ndani ya buti ya gari dogo.

"Kwaruza hapo mpaka chuma king'ae," alisema. "Ukimaliza, kwaruza tena."

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa Kitui, na sikuja Nairobi kusugua magari ya watu. Nilisugua hivyo hivyo huku nimenuna, na Foreman akipita nyuma yangu akawaambia wenzake, "Huyu Mutinda akimaliza kununa atakuwa fundi." Waliniita Mnunaji tangu siku hiyo, na wengine hawajaacha hadi leo.

Nyinyi vijana mnaocheka msasa, ngojeni niwaeleze. Umeme hutoka kwenye betri kwa waya mwekundu, hufanya kazi yake, kisha ni lazima urudi kwao. Ndani ya gari hatukuwa tukiupa waya wa kurudia safari yote, kwa sababu mwili wa gari ni chuma na chuma ni njia. Kwa hivyo ule waya mweusi, ambao sisi tuliuita earth, tuliukata mfupi na kuufunga kwa bolti kwenye mwili wa gari hapo hapo karibu. Lakini rangi haipitishi umeme. Ukifunga bolti juu ya rangi, utatafuta ugonjwa wa gari hilo wiki nzima.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Redio za kaseti zilikuwa zimeshika mji, na kila aliyekuwa na gari alitaka lisikike kabla halijaonekana. Redio peke yake haikutosha. Sisi tulifunga amplifaya, kile kisanduku kinachopokea wimbo mwembamba kutoka kwa redio na kuupeleka kwa spika ukiwa umeshiba. Wimbo huo hupita katika waya mdogo wenye ngozi ya nyuzi za shaba kuuzunguka. Tuliuita waya wa wimbo. Ushikeni huo akilini, maana nitaurudia.

Adui wetu alikuwa filimbi. Alteneta, mashine inayochaji betri, ina kelele yake ya umeme, na mahali popote ulipofunga vibaya, kelele hiyo huingia kwenye spika. Ukikanyaga mafuta, nayo inapanda: iiii. Ukiachilia, inashuka. Mteja anaweza kuvumilia spika mbovu, lakini filimbi ile humpanda kichwani.

Foreman alisifika kwa kusaka filimbi. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akafumba macho, akakanyaga mafuta polepole, kisha akafumbua na kumtazama mteja. "Limepona," alisema, au, "Bado." Nilikaa chini yake miaka miwili, na kila nilichokijua kilitoka kwake. Alinifundisha kupitisha waya wa wimbo upande mmoja wa gari na waya wa betri upande mwingine, ili zisinong'onezane njiani. Alinifundisha kuweka fyuzi, ile inayokata umeme ukizidi, karibu na betri, kwa sababu waya ukichubuka njiani na fyuzi iko mbali, gari linawaka.

Sasa, pikapu ya kwaya. Kanisa moja la kule kwetu Gatwekera lilikuwa na pikapu kuukuu ambayo maseremala walikuwa wameijengea sanduku refu nyuma, la kubebea waimbaji na ngoma zao. Walitaka spika mbili juu, amplifaya ndani ya sanduku, na redio ya kaseti pale mbele kwa dereva. Kazi nilipewa mimi. Nilichagua mahali, nikakwaruza mabati mpaka yakang'aa vile nilivyofundishwa, nikafunga bolti ya earth kwa nguvu zangu zote. Foreman akakaa, akafumba macho, akakanyaga, akamtazama mwalimu wa kwaya. "Limepona."

Jumatatu mwalimu akalirudisha. Filimbi. Foreman akakanyaga tena, akasema haipo. Jumatano likarudi mara ya pili. "Foreman," mwalimu akasema kwa upole wa mtu aliyechoka, "Jumamosi tunazunguka mitaa kuwaita watu kwenye harambee ya paa la shule. Tukiwaita na hiyo filimbi, watadhani ni polisi." Foreman akasema tena haipo. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na nilikuwa naisikia vizuri kabisa.

Alhamisi asubuhi Meneja, mtu wa tai na maneno machache, aliniita ofisini na kufunga mlango.

"Mutinda, filimbi ya ile pikapu unaisikia?"

Nikatazama mlango aliokuwa ameufunga.

"Basi unaisikia. Mwalimu analeta gari saa nane. Likitoka hapa na filimbi, Foreman anaenda nyumbani, na kiti chake utakalia wewe. Hayo ubaki nayo."

Nitasema ukweli, maana kwa umri huu uongo una faida gani? Nilikitaka kile kiti. Chumba changu kilikuwa kinavuja, na mshahara wa foreman ungenihamisha. Tena kulikuwa na jambo nililolijua nami sijalisema. Mwezi mmoja nyuma, muuza mikate alimjia Foreman kwa nyuma akiwa juu ya baiskeli, kengele inalia kling kling, na Foreman hakusogea hata hatua. Alipomkwaruza kiwiko ndipo aliposhtuka. Sauti nene alizisikia. Zile nyembamba zilikuwa zimemtoka. Ningeweza kufunga mdomo wangu mpaka saa nane tu, na kazi ingekuwa yangu.

Lakini bolti ile niliifunga mimi. Nilitoka ofisini, nikazunguka ua wa karakana kama mtu aliyepoteza ufunguo. Saa sita nilimkuta Foreman ananawa mikono kwenye pipa.

"Foreman, filimbi ipo."

Aliendelea kunawa. "Ya pikapu?"

"Ya pikapu. Naisikia tangu Jumatatu."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye Foreman."

Alijipangusa mikono kwa koti, kidole kimoja kimoja. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Miaka miwili sijaisikia filimbi yoyote, Mutinda. Huwa naangalia uso wa mteja. Uso ukikunjuka, nasema limepona. Sasa huyu mwalimu wa kwaya, uso wake haukunjuki hata akiimba."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Miaka miwili mzee yule alikuwa akifanya kazi kwa kusoma nyuso, na sisi tulisema ana masikio ya ajabu. Niliona haya, na haya nyingi ilikuwa kwa ajili yangu mwenyewe. Nikamwambia yote aliyoyasema Meneja, hata habari ya kiti.

"Na bado umekuja kuniambia."

"Bolti niliifunga mimi."

"Basi twende," akasema. "Wewe uwe masikio. Mimi nina mikono."

Mwalimu alifika mapema. Tuliwasha injini, nikaingia ndani ya sanduku karibu na amplifaya, Foreman akainama kando yangu. Utafutaji wa filimbi una utaratibu wake: unaondoa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila ukiondoa unauliza, bado ipo? Tukachomoa mbele waya wa aerial, ule wa kunasa mawimbi ya redio. Nikasikiliza. Ipo. Tukasogeza waya wa betri mbali. Ipo. Kisha nikachomoa waya wa wimbo kwenye amplifaya, na spika zikanyamaza kimya.

"Imekwisha," nikasema kwa furaha. "Foreman, filimbi inaingilia kwenye waya wa wimbo. Tubadilishe waya."

Foreman aliinama zaidi. Alikuwa anakitazama kitaa chekundu kilichoko usoni mwa amplifaya, kile kinachoonyesha kwamba ina umeme. Kilikuwa kimezimika.

"Imenyamaza," akauliza, "ama imekufa?"

Nikaurudisha waya wa wimbo. Kitaa kikawaka. Nikauchomoa, kikazima. Sikuelewa. Waya wa wimbo hauhusiki na umeme wa betri. Wewe ukiondoa redio ya jikoni, taa ya chumbani inazima? Foreman aliniambia niurudishe na nipandishe muziki. Kisha akashika waya ule kwa vidole viwili, akautembeza mkono kutoka kwa amplifaya kuelekea mbele, taratibu, kama daktari anayetafuta mshipa. Akanyanyua macho.

"Shika hapa."

Nikashika. Ulikuwa wa moto.

"Waya wa wimbo haupati moto, Mutinda. Wimbo hauna uzito. Kuna kitu kingine kinachopita hapa. Umeme wote wa hii amplifaya unarudi nyumbani kwa mlango wa jirani."

"Lakini earth nilikwaruza mpaka ikang'aa."

"Ulikwaruza vizuri sana," akasema, akakunja ngumi na kugonga ukuta wa sanduku karibu na bolti yangu. Uliitika ko, ko, ko. "Sasa sikia hiyo. Hiyo naisikia hata mimi."

Mbao. Nyuma ya mabati palikuwa na mbao, na mbao hizo ndizo zilizofungwa kwenye chesisi, yaani ule mfupa wa chuma wa gari. Mabati yalikuwa yamepigiliwa misumari juu ya mbao tu, hayagusi chuma cha gari mahali popote. Magari yaliyotoka kiwandani ni chuma kitupu, na hayo ndiyo niliyosomea, lakini mapikapu yetu yalivalishwa na maseremala. Bolti yangu safi ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha bati kisicho na pa kwenda. Umeme ulipokosa njia ya kurudi, ulipita kwenye ngozi ya ule waya mwembamba mpaka kwenye redio, ukakutana humo na wimbo, na filimbi ikazaliwa. Ungeachwa wiki mbili, waya ungeyeyuka na pengine kanisa lingepoteza gari.

Nilitoboa sakafu ya mbao, nikapitisha waya mnene mweusi mpaka kwenye chesisi, nikakwaruza chuma cha kweli. Foreman akakaa kwenye kiti cha dereva na kukanyaga mafuta. Safari hii hakufumba macho wala hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi.

"Limepona," nikasema.

Mwalimu wa kwaya akakunjua uso, mara ya kwanza nimeuona vile. Meneja alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani amepata ugonjwa?" akauliza.

"Mutinda amesikia," Foreman akasema.

"Foreman ndiye amepata," nikasema. "Na kosa lilikuwa langu."

Foreman akavuta pumzi na kumwambia Meneja mwenyewe, mbele ya mafundi wote, kwamba sauti nyembamba hazisikii tena. Meneja alikaza tai yake, kisha akasema kwamba kuanzia siku hiyo hakuna gari litakalotoka bila watu wawili kulipima: mmoja asikilize, mwingine ashike waya. Kiti hakikutajwa tena. Foreman alikikalia mpaka alipostaafu kwa heshima zake, na nilikuwa nimeshaacha kukitamani.

Baadaye nilipelekwa tawi la Silanga, upande wa bwawa, chini ya Msimamizi aliyependa chai kuliko kazi, mtu mwema. Nilifunga amplifaya kwenye magari ya wauza makaa na wauza mboga, na kila sanduku la mbao nililigonga kwanza ko, ko, ko kabla sijafungua mkoba wa vyombo. Katikati ya miaka ya themanini nilifungua karakana yangu ndogo mpakani mwa Ayany, na sheria ya watu wawili nikahama nayo.

Sasa nimestaafu. Karakana anaiendesha Akinyi, fundi hodari kuliko nilivyokuwa mimi, na mimi hupita asubuhi kuota jua na kuwasumbua. Wiki iliyopita alikuwa ndani ya gari moja, injini inanguruma, akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, hiyo filimbi unaiskia?"

Nilisikiliza. Injini, watu barabarani, redio ya jirani. Nilimwangalia uso nikaanza kuusoma, nikajizuia.

"Siisikii, mama," nikasema. "Siku hizi hazinifikii. Niambie wewe."

"Ipo," akasema, kisha akashuka, akaniletea stuli kando ya mlango wa gari. "Basi kuja ushike."

Alifanya kazi nusu saa, mkono wangu ukiwa juu ya waya wa wimbo. Alipofunga bolti ya mwisho akakanyaga mafuta na kunitazama, akingoja.

"Waya uko baridi," nikamwambia.

"Na mimi siskii kitu," akasema. "Limepona."