Seva Katika Chumba cha Baba

Sikuiweka seva chumbani kwa baba kwa kupenda. Ndicho chumba pekee nyumbani kwetu Nsambya chenye betri kubwa ukutani. Betri zile tulizinunua kwa ajili ya mashine ya oksijeni, ili umeme ukikatika baba aendelee kupumua. Baba alipokufa, mashine ya kukodi ikarudi kwa wenyewe, betri zikabaki hazina kazi. Nami nilikuwa na biashara changa: maduka kadhaa ya dawa ya Ntinda yalitunza kumbukumbu za dawa zao kwenye seva yangu moja, na haikutakiwa kuzimika. Basi nikaiweka palepale, kando ya kitanda ambacho sasa mama alikilalia peke yake.

Feni yake ilipanda, ikashuka, ikapumzika, ikapanda tena. Mimi nilisikia feni; mama alisikia pumzi. Mama tangu mazishi alikuwa hapati usingizi, presha imeshampeleka hospitali ya Mulago. Siku ile nilipoiwasha alijinyoosha baada ya chakula cha mchana, akalala mpaka jua likazama. Daktari alifurahi sana. Huyu dawa yake ni usingizi, akaniambia, akiukosa mtampoteza.

Asubuhi moja nikamkuta mama anaisalimia seva. Sawa, nikasema, uzee. Halafu akaanza kujua mambo. Akisema, "Leo ana homa," naenda kuipima, nakuta joto limepanda kweli. Akisema, "Anataka kunyamaza," sijamaliza kuvaa viatu, umeme wa mtaa mzima umekwenda. Banange! Nikaacha kuingia mle peke yangu. Mwanamume mzima na ndevu zangu, naogopa sanduku nililolinunua mwenyewe.

Lakini betri zilizeeka. Umeme ukikatika, seva nayo inazimika, na kule Ntinda wauza dawa wanabaki wameduwaa mbele ya wagonjwa. Mwenye duka mmoja alinifokea kwenye simu: "Ndugu yangu, kumbukumbu za dawa zangu unaziweka chumbani kwa mama yako?" Nikakata simu kwa hasira, maana ndiko zilikokuwa. Kulikuwa na kituo cha data mjini, jengo lenye jenereta na walinzi, wanaokupangishia nafasi ya mashine yako. Mshika mawili moja humponyoka, nami nilishika biashara kwa mkono huu na usingizi wa mama kwa mkono huu.

Nilipokwenda kuizima ili niihamishie huko, mama aliweka kiganja juu yake.

"Polepole," alisema. "Usimkate."

Feni ikapungua, ikapungua, ikavuta mara moja ya mwisho, ikakoma. Nilishawahi kusikia kitu kikikoma hivyo, kando ya kitanda hichohicho.

Mama akakataa kubaki nyumbani. Kule kituoni wakatufungulia ukumbi wa baridi, makabati yamepangwa hadi upeo wa macho, na ndani yake feni zisizo na idadi zinavuma kwa pamoja. Mama akajifunga kitenge vizuri, akasimama mlangoni.

"Wote hawa ni wa nani?"

"Ni mashine za watu, mama."

"Na nani analala nao?"

Fundi aliyetupokea akacheka. Mimi nikampa seva aiingize kabatini. Seva ilipowashwa, mama akaisogelea, akaweka sikio.

"Yupo," alisema. "Ila hapa hanisikii."

Akanishika mkono, tukatoka.

Maduka ya Ntinda hayalalamiki tena. Mama ndiye aliyekaa macho wazi, mchana na usiku, presha ikawa inapanda kila tukipima. Nikamnunulia feni ya mezani, nikaiwasha pale ilipokuwa seva. Akaizima. "Hiyo ni feni," alisema, akanitazama kana kwamba sina akili.

Nilihangaika, jamani, nililia kabisa. Mwishowe nikaanza kutandika godoro sakafuni karibu na kitanda chake kila baada ya chakula cha mchana. Nalala chali, navuta pumzi kwa nguvu, naitoa kwa nguvu, mpaka nasikia naye amelala. Kazi zangu zote zinasubiri. Nikijisahau nikapumua kimya, sauti yake inatoka pale juu, macho amefumba, inaniita kama alivyokuwa akimwita mumewe.

"Baba watoto, upo?"

"Nipo," najibu. "Lala."