Nyumba Waliyosubiriana Kula

Mchaichai ukichemka mahali popote, hata kwenye kibanda cha chai pale stendi ya Soni, mimi husimama kidogo. Harufu yake hunirudisha kwenye ua wa nyumba iliyokuwa chini ya yetu, ambako sufuria ilikuwa ikibandikwa motoni kila jioni, mara tu ukungu ulipoanza kupanda kutoka bondeni. Mimi nilikuwa jikoni kwetu, nasonga ugali, moshi wa kuni mbichi umenijaa machoni, na harufu ile ilikuwa ikipita katikati ya moshi kama vile imetumwa kwangu. Sikufichi, ndugu yangu unayesoma: ilikuwa inanichoma.

Kijiji chetu kiko juu kidogo ya Mgwashi. Mimi ni mtoto wa kwanza. Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla hatujazoea kumkosa mama, nikaacha shule darasa la sita ili Samweli na Eliza waendelee. Watu walinisifu. Walisema nimekuwa mtu mzima kabla ya wakati, kwamba nina moyo mkubwa. Moyo wenyewe ulikuwa wa mtoto mwenye wivu. Niliwaonea wivu wanafunzi wenye sweta za bluu waliopita mlangoni asubuhi, wakiwemo wadogo zangu niliokuwa nimewafulia sweta hizo mimi mwenyewe. Kuna siku niliwaonea wivu hata vifaranga, kwa sababu mvua ilinyesha na mama yao akawafunika.

Lakini tulikuwa na Kaka Zaka. Jina lake lilikuwa Zakaria, mtu wa ukoo wa baba kwa mbali, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la Kilutheri na mkulima wa mapeasi na kabichi. Baada ya matanga, wakati ndugu wengine walipokumbuka kila mmoja mambo yake, yeye alikuja Jumamosi na jembe begani, bila kuitwa, akaanza kurudishia matuta yaliyobomolewa na mvua. Akaja Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Alikuwa analima huku anaimba sauti ya nne, ile nzito ya chini, anatuimbia mfano wa sauti zetu, na hatusogei tuta lingine mpaka Eliza ameshika ya kwanza na mimi ya pili. Samweli alikuwa anaimba yake mwenyewe ambayo haimo kwenye kitabu. Majirani walisema shamba letu linalimwa kwa sauti nne lakini maharage hayaoti haraka zaidi. Mimi nilijua jambo moja tu, kwamba Kaka Zaka ni wetu.

Halafu akaja Lukasi.

Alitoka Njombe, kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, akapanga chumba kwa Zakaria. Nguo zake zilinukia majani makavu ya chai. Siku ya kwanza alitusalimu kwa Kishambaa salamu ya asubuhi, na ilikuwa jioni, wadogo zangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Alikuwa mpole, na upole wake ulinikera. Jumamosi naye alikuja na jembe, akalima vizuri, na hilo likanikera zaidi, maana sikupata cha kusema.

Mwaka ukapita, na mwingine, wala hakuhama. Nilianza kuona mambo madogo ambayo hayakuwa na maana kwa mtu mwingine. Jioni moja nilitumwa na njaa yetu kwenda kuomba chumvi. Nikamkuta Kaka Zaka amekaa kwenye kigoda, chakula kimefunikwa, sufuria ya mchaichai ipo motoni, na yeye anatazama njia itokayo kiwandani. Nikamuuliza kama bado hajala.

"Namsubiri mwenzangu," akasema.

Nilirudi nyumbani na chumvi mkononi. Kwetu mimi ndiye niliyepakua. Wadogo walikula wakashiba, nami nilikula kilichobaki, nimesimama, nakwangua sufuria kwa mwiko. Siku nilizochelewa kutoka sokoni na tenga kichwani, niliikuta sufuria imeshalowekwa maji. Hawakuwa watoto wabaya. Walikuwa na njaa. Lakini baada ya jioni ile nilianza kupita nje ya nyumba ya Zakaria kwa makusudi, saa za Lukasi kurudi, ili nijiumize. Lukasi alikuwa anapanda kilima, viatu mkononi, na kabla hajafika mlangoni kifuniko kilikuwa kimeshaondolewa. Aliulizwa miguu inaumaje. Mimi miguu yangu haikuulizwa na mtu tangu mama azikwe.

Jumapili ilikuwa mbaya zaidi. Mnajua kwetu, baada ya ibada, sadaka za mavuno hunadiwa nje ya kanisa: ndizi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Mtu anaweza kununua kitu na kusema apewe fulani, na fulani huyo hupigiwa makofi. Zakaria alikuwa akileta tenga la mapeasi, na Lukasi, ambaye alikuwa Mkatoliki lakini alipenda kusikiliza kwaya, alilinunua kisha akasema kwa sauti, "Apewe aliyelileta." Watu walicheka sana. Mnadishaji alisema mapeasi hayo yana miguu, yanakwenda na kurudi. Mimi nilicheka pamoja nao nikiwa nimeng'ata shavu kwa ndani. Jina langu halikuwahi kutajwa kwenye mnada ule hata kwa yai moja.

Kisha yakaja maneno. Mpaka wakati ule watu walisema tu kwamba Zakaria amechelewa kuoa, wakamtajia binti huyu na yule, basi. Sasa redioni ikawa kila siku ni habari ya wanaume wanaolala na wanaume wenzao, kwamba watajwe majina, kwamba wakamatwe, na kwenye simu za vijana mambo yalikuwa makali zaidi. Watu wakawa kama wamepewa miwani mipya. Kile kicheko cha mnadani kikakumbukwa upya, na safari hii hawakucheka. Jumuiya ya majirani ikaacha kwenda kusali kwake alfajiri. Akina mama wakawatoa watoto kwaya, mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wa kikohozi.

Bombani walibishana ndoo zikifurika. Kuna waliosema polisi waitwe. Kuna waliosema mvua itakataa kunyesha kwa ajili yao, ingawa ilikuwa inanyesha wakati wanasema. Shangazi Naomi, dada wa baba, aliwajibu kwamba wakati wao wanatafuta dhambi ya Zakaria, Zakaria alikuwa analimia yatima, na kama kuna mtu mwingine anayejua njia ya kwenda kwenye shamba hilo aonyeshe mkono. Waliendelea tu kwa sauti ya chini.

Na mimi? Nilichota maji yangu nikanyamaza. Ndani yangu kulikuwa na furaha mbaya. Nilitaka Lukasi aondoke. Niliona kijiji kizima kinanisaidia.

Wazee wa kanisa walikuja nyumbani kwetu mchana, watatu, wakiongozwa na Mzee Yafeti. Niliwaamkia, nikawapa viti, mwenyewe nikakaa kwenye gunia la maharage. Shangazi Naomi alikuwa mlangoni anachambua mboga. Mzee Yafeti alinisifu kwanza kwa kulea wadogo zangu, nikajua kuna kitu wanakitaka.

"Sasa mwanangu," akasema, "wewe ndiye jirani. Unaingia pale na kutoka. Umeona nini?"

Neno walilolitaka lilikuwa limeshatengenezwa tayari. Lilikuwa linazunguka bombani wiki nzima, na mimi nilitakiwa kulitamka tu, Lukasi aondoke kabla jua halijazama. Nilimtazama Samweli aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia. Mama alikuwa ameniachia watoto hawa na maneno machache sana, na mojawapo ni kwamba watanifuata kwa nitakachosema. Niliona uzito wa jambo hilo, nikaukasirikia, lakini sikuweza kuutua.

"Nimeona wanasubiriana kula," nikasema.

"Kula tu?"

"Mmoja hali mpaka mwenzake afike. Akifika anamuuliza miguu inaumaje."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine. Hicho hicho ndicho kinaniudhi."

Wazee wakatazamana. Shangazi Naomi, bila kuinua macho kwenye mboga, akauliza, "Yafeti, wewe nyumbani unasubiriwa?"

Mzee Yafeti akakohoa. "Mimi nafunikiwa chakula," akasema.

Waliondoka bila kile walichokijia, lakini hawakukihitaji sana. Uamuzi ulikuwa umeshafanyika. Zakaria aliwekwa chini ya marudi ya kanisa, yaani alitengwa na usharika, na kama anataka kurudi kundini, basi asimame mbele ya usharika atubu, na Lukasi ahame. Akikubali, angebaki na kwaya yake, nyumba yake na mipeasi yake. Akikataa, wazee hawangeweza kuwajibika kwa ambayo vijana wangefanya. Walilisema hilo kwa upole, kama mtu anayetabiri hali ya hewa.

Wiki ile yote niliomba Mungu Kaka Zaka akubali. Nilijipangia kila kitu. Lukasi angerudi Njombe, Jumamosi zingekuwa zetu tena, na labda jioni moja ningemkuta kwenye kigoda ananisubiri mimi.

Jumapili alisimama mbele, shati jeupe, pasi imekaa vizuri. Kanisa lilijaa hata wale ambao huonekana Krismasi tu. Mchungaji akamwambia aseme. Zakaria akatubu. Alitubu kiburi cha sauti yake. Alitubu hasira aliyowatolea wanakwaya walioimba chini ya noti. Alitubu kwamba aliwahi kutamani kwaya ya usharika wa jirani ipotee njia siku ya mashindano, na watu wachache wakatabasamu kwa kusahau.

"Na yule mtu?" mchungaji akauliza.

Kaka Zaka alifikiri. Niliona mkono wake umeshika ukingo wa benchi la mbele.

"Mchungaji, dhambi naitubu," akasema. "Mtu nitamtubuje?"

Nyuma mtu akafyonya. Zakaria akasubiri kidogo, akaona hakuna swali jingine, akapita katikati ya kanisa kwa mwendo wake wa kawaida mpaka nje, ambako Lukasi alikuwa amesimama chini ya paa, maana alikuwa amekatazwa kuingia. Mimi nilibaki na kitabu cha nyimbo mkononi. Wivu niliousikia pale sijawahi kuusikia tena. Mtu alikuwa amepoteza vyote mbele ya macho ya watu wote, kwa ajili ya mwingine, na huyo mwingine hakuwa mimi.

Mnadani tenga lake la mapeasi liliinuliwa. Hakuna aliyetaja bei. Mnadishaji akaliinua tena, akalitua. Lukasi akafungua mdomo, Zakaria akamgusa kiwiko, wakaondoka. Tenga likabaki ukutani, na siku zilizofuata mbuzi wa kijiji waliyala yale mapeasi bila kuuliza ya nani.

Haikupita wiki, vijana wakamvizia Lukasi kwenye njia ya kiwandani, wakampiga, wakamwacha kwenye majani ya chai. Wakati huohuo wengine waliikata mipeasi yote kwa mapanga, ikiwa na matunda. Vijana hao niliwajua. Wawili walikuwa wanaimba sauti ya tatu.

Kesho yake asubuhi Kaka Zaka alikuja mlangoni kuaga. Alimwekea Samweli mkono kichwani, akamwambia Eliza asiache kuimba. Mimi nilimfuata hadi kwenye ua wa mchongoma.

"Kaka, ungesema tu yale maneno. Ungebaki."

"Ningebaki na nani?"

"Na sisi."

Niliona jibu langu limemuuma, maana hakuwa amelitegemea.

"Ningebaki, mdogo wangu," akasema. "Lakini aliyebaki asingekuwa mtu wa kukulimia shamba."

Wakashuka. Lukasi alikuwa anachechemea, damu imekauka sikioni, na Zakaria alikuwa amemshika mkono chini ya kwapa, anamchagulia mahali pa kukanyaga. Watu walisimama milangoni, hakuna aliyewaamkia, na kwetu kutoamkia ni jambo kubwa. Mimi niliwaamkia wote wawili, kila mmoja kwa jina, na Lukasi akaitikia. Hata wakati ule, Mungu anisamehe, niliutazama ule mkono chini ya kwapa nikautamani.

Siku hizi nauza mboga. Samweli ni fundi, Eliza anasomea ualimu, na mashamba tunalima kwa sauti moja. Mabishano hayajaisha. Simu zimeongezeka, na maneno nayo. Wateja wangu husimama hapo mbele ya kabichi wakisema watu hao ni wa kufungwa, ni wa kupigwa, kwamba kati yao hakuna upendo, ni uchafu tu. Zamani nilinyamaza kwa sababu sikuwa nimeelewa. Nilidhani yaliyokuwa moyoni mwangu siku zile ni ubaya wangu tu, jambo la aibu la mtoto mwenye njaa ya kupendwa. Ilinichukua miaka kutambua kwamba macho ya wivu yalikuwa yameona sawasawa. Nilipita njia nyingi kijijini jioni, nyumba za watu na wake zao, na sikuwahi kusimama nje ya hizo. Nilisimama nje ya ile moja.

Kwa hiyo siku hizi nasema. Nawaambia nilikaa jirani na wawili kama hao, na walipendana. Wananiuliza najuaje, mimi ambaye nilikuwa mtoto.

Nawaambia najua kwa sababu niliwaonea wivu.